Juu ya Kuoanisha Antena na Seli ya Jua: Mhadhara kwa Watu wa Matamba



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo jina lake ni refu na umbo lake ni dogo, nalo ni kuunganisha antena, yaani kile kiungo cha chombo cha redio kinachotupa na kupokea mawimbi, pamoja na seli ya jua, yaani kile kigae cha silikoni kigeuzacho nuru kuwa umeme, vikawa kitu kimoja, ili vyombo vidogo vya kupimia, ambavyo wataalamu huviita vihisi, viweze kukaa peke yake kondeni, mlimani au ukingoni mwa mto, vikapima joto, unyevu, mvua na kina cha maji, na kupeleka habari hizo mbali bila waya wa umeme, bila waya wa simu, na bila mtu wa kupanda mlima kila mara kwenda kubadili betri.

Huenda mtu akauliza ni kwa nini habari kama hii iletwe Matamba, isibakie Dar es Salaam au Nairobi penye vyuo na maabara. Jawabu langu ni kwamba hapa ndipo mahali pake hasa. Mji huu umekaa baina ya nchi mbili zisizofanana hata kidogo: juu yetu upo uwanda wa Kitulo, kadiri ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake, na ambao majani yake huamka yamevaa jalidi katika miezi ya kipupwe, na chini yetu, mtu akiteremka kona hamsini na saba za barabara ya Chimala, lipo bonde la Usangu lenye joto, mpunga na ng'ombe. Maji yanayotoka katika milima hii huingia Ruaha Mkuu, yakapita Usangu na Ihefu, yakavuka Hifadhi ya Ruaha, yakafika Mtera na Kidatu, ambako mabwawa mawili yalijengwa kutoa megawati 80 na 204 za umeme. Na mto huo, ambao wazee wetu waliujua kuwa haukauki, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Basi mtu atakaye kujua maji ya Kidatu yatakuwaje sharti ajue mvua ya huku juu imekuwaje, na mvua ya milimani ina ukaidi wake: hunyesha upande huu wa kilima, ikaacha upande ule mkavu, hata kipimo kimoja kilichowekwa bondeni hakiwezi kutoa ushahidi wa kuaminika juu ya kilele.

Na bado sijasema neno juu ya viazi. Mkulima wa viazi mviringo katika mkoa huu wa Njombe anaujua ugonjwa wa baka chelewa kuliko mhadhiri yeyote, naye anajua kuwa ugonjwa huo hupenda ubaridi wa wastani na majani yasiyokauka. Lakini kwa kuwa hana wa kumwambia majani yamekaa na unyevu kwa saa ngapi usiku uliopita, hulazimika kupiga dawa kwa kukisia, mara mapema mno akapoteza fedha, mara kwa kuchelewa akapoteza shamba. Chombo kinachohesabu saa za unyevu juu ya jani si muujiza, kipo na bei yake si ya kutisha. Kinachokosekana ni njia ya kukiweka katika mashamba kumi au ishirini yaliyotawanyika, na kukifanya kiseme kila siku pasipo mtu kukihudumia.

Kazi ya kupima hali ya hewa kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya binadamu mwenye saa na daftari. Saa tatu asubuhi mwangalizi alikwenda kwenye chombo cha mvua, akamimina maji katika bilauri yenye alama, akaandika, na mwisho wa mwezi karatasi ikaingia posta. Sidharau taratibu hiyo, maana takwimu bora tulizo nazo zimetokana na uaminifu wa watu hao, lakini haiwezekani kumpata mwangalizi wa kila kilima. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, kwa msaada wa serikali ya Norway, vilishirikiana katika mradi ulioitwa WIMEA-ICT, na sehemu moja ya kazi yao ilikuwa kubuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha vyenyewe kwa gharama nafuu, ambavyo vipimo vyake huzungumza kwa redio na kutumia umeme wa jua. Wapo pia watu wa TAHMO, shirika lililoasisiwa na wataalamu wa chuo cha Delft cha Uholanzi na chuo cha jimbo la Oregon cha Marekani, ambao wamejiwekea azma ya kueneza vituo 20,000 Afrika kusini ya Sahara, na ambao vituo vyao vingi vimesimikwa katika viwanja vya shule, Kenya na Uganda zikiwamo. Katika vyombo hivi vyote jua na redio ni majirani tu: paneli iko upande wake, antena upande wake, kila moja ina waya wake na mahali pake pa kuvujia maji. Swali la mhadhara huu ni kama ujirani huo waweza kugeuzwa kuwa mwili mmoja, na kama faida yake ni ya kweli au ni mapambo ya mafundi.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa maana jambo hili halikuanzia ardhini, lilianzia angani. Tarehe 17 Machi 1958 Wamarekani walirusha setilaiti iliyoitwa Vanguard 1, kijitufe cha kipenyo cha sentimita 16 na ushei na uzito wa kilo moja na nusu hivi, ambacho ndani yake mlikuwa na redio mbili: moja iliendeshwa kwa betri, na nyingine, iliyokuwa dhaifu zaidi, yenye uwezo wa miliwati tano tu, iliendeshwa kwa seli za jua zilizobandikwa juu ya ngozi ya tufe baina ya antena zake. Redio ya betri ilinyamaza mwezi wa Juni mwaka ule ule. Redio ya jua iliendelea kusema mpaka Mei 1964. Sidhani kwamba imepata kutolewa hujja iliyo fasaha kuliko hiyo katika mashindano ya betri na jua, hasa tukikumbuka kuwa seli ya silikoni yenye manufaa ilikuwa imeonyeshwa na maabara ya Bell mwaka 1954 tu, ikigeuza kadiri ya asilimia sita ya nuru iliyoiangukia. Na kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, si vibaya kutaja kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru, ambayo nayo iliishi kwa seli za jua, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ndiyo iliyowapa wanajimu ramani yao ya kwanza ya anga nzima kwa miale ya eksi.

Waundaji wa setilaiti ndio waliokuwa wa kwanza kuudhika na ujirani wa antena na seli. Katika chombo kidogo kila sentimita ya uso ni mali, na vyote viwili vinataka uso: seli inautaka ili ipate nuru, antena inautaka ili ipate uwazi wa kutupa mawimbi. Mwaka 1995 wahandisi wa Kijapani wakiongozwa na M. Tanaka walieleza antena ya bamba iliyopandishwa seli za jua mgongoni kwa ajili ya setilaiti ndogo. Mwaka 2000 Stefano Vaccaro, Juan Mosig na wenzao wa chuo cha Lausanne, Uswisi, waliandika juu ya paneli za jua ambazo ni antena papo hapo. Baadaye Norbert Henze na wenziwe wa Kassel, Ujerumani, walilileta jambo hilo ardhini kwa vyombo vya kawaida. Max Ammann na wenzake wa Dublin wakachunguza namna silikoni yenyewe inavyoathiri antena. Na Reyhan Baktur wa chuo cha jimbo la Utah akatengeneza antena za wavu mwembamba zinazolazwa juu ya seli bila kuizibia nuru. Nayataja majina haya ili vijana wajue kuwa wapo watu waliozitumia siku zao katika jambo dogo kama hili, wala hawakuona haya.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe. Nuru na redio ni ndugu wa tumbo moja: James Clerk Maxwell alilithibitisha hilo kwa hesabu mwaka 1865, na Heinrich Hertz akalionyesha kwa vyombo mwaka 1887 na 1888. Tafauti yao ni urefu wa wimbi. Wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa nusu ya maikromita hivi, ilhali wimbi la redio la megahezi 868, ambalo ni mashuhuri kwa vihisi vya aina hii, lina urefu wa sentimita 34 na nusu. Yaani hili la pili ni refu kuliko lile la kwanza takriban mara laki saba. Katika tafauti hiyo kubwa ndimo uwezekano wote ulimolala. Wavu wa nyuzi nyembamba za metali wenye matundu ya milimita chache hulirudisha wimbi la redio kana kwamba ni bamba zima lisilo tundu, na nuru hupita humo kwa raha isijue kuwa pana kitu. Kadhalika, metali iliyopakwa nyuma ya seli kwa ajili ya kukusanya umeme yaweza kuwa ndiyo ardhi ya antena, na ufa ulioachwa baina ya seli mbili, ambao mfanyabiashara wa paneli huuona kuwa ni hasara, ukipimwa urefu wake kwa hesabu waweza kuwa ndiyo antena yenyewe.

Umeme wa aina mbili unapita katika mwili huo mmoja, nao haugombani maadam kila mmoja umewekewa mlango wake. Umeme wa seli ni mkondo mnyoofu, na umeme wa redio ni mkondo geu unaorudia mzunguko wake mara milioni mia kadhaa kwa sekunde. Koili ndogo huuruhusu wa kwanza na kuuzuia wa pili, na kapasita hufanya kinyume chake. Hilo ni la wepesi. Lililo zito ni silikoni. Kitu hiki si kihami kamili wala si kipitishi kamili, na wimbi la redio likipita jirani nacho hukiachia sehemu ya nguvu zake, ambayo hugeuka kuwa joto lisilomfaa mtu. Na upande wa pili wa dhuluma ni kivuli: paneli iliyofanywa kwa seli nyingi zilizofuatana msururu mmoja hupitisha mkondo kwa kadiri ya iliyo dhaifu kuliko zote, hata fimbo nyembamba ya antena, ikitupa kivuli chake juu ya seli moja tu, yaweza kuudhoofisha msururu mzima.

Yako mengine ambayo vitabu vya setilaiti havitufundishi, na hapa nataka nikae kidogo. Antena ya bamba hutupa mawimbi yake mbele ya uso wake, kwa pembe mraba. Angani hilo laweza kuzifaa zote mbili, antena na seli. Lakini huku kwetu seli inatazama juu, na kihisi cha shamba hakina haja ya kuzungumza na mbingu. Kinataka kuzungumza na mnara ulio kilima cha pili, karibu na upeo wa macho. Matamba ipo kadiri ya nyuzi tisa kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri linakuwa kaskazini yetu sehemu kubwa ya mwaka, na kutoka kadiri ya katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Februari linakuwa kusini, wala halitoki mbali sana na utosi. Kwa hiyo seli yetu inafaa ilale karibu sawa na ardhi, iinamishwe kidogo tu kuelekea kaskazini ili mvua iioshe, na bamba lililo chini yake litapeleka sauti juu mawinguni, huku ule mnara uliokusudiwa ukiambulia mabaki. Mtu anaweza kununua chombo kilichosifiwa sana Ulaya, akakiweka hapa, akashangaa kwa nini hakisikiki ng'ambo ya bonde.

Dawa zipo zaidi ya moja. Waweza kuibadili namna ya kulitia umeme lile bamba ili litupe mawimbi pembeni kwa duara, na katikati pawe kimya. Waweza kuufanya ukingo wa paneli, yaani fremu yake, kuwa ndio antena. Au waweza, na hili ndilo nilipendalo kwa usahili wake, kusimamisha fimbo ya robo ya wimbi, yaani sentimita nane na nusu hivi, katikati ya seli iliyolala, ili metali ya nyuma ya seli iwe ndiyo ardhi ambayo fimbo hiyo inaihitaji. Kivuli kitakuwapo. Lakini badala ya seli ndogo nyingi zilizofuatana tukiweka seli moja pana, ambayo hutoa volti nusu tu na kidogo, na baada yake sakiti ndogo ya kuipandisha volti hiyo, basi kivuli cha fimbo kitapunguza kwa kadiri ya eneo lake tu na hakitaua msururu. Iko njia nyingine kabisa, ya kukubali kutazama juu na kuzungumza na setilaiti zipitazo, kama mfumo wa Argos unavyofanya tangu 1978 kwa maboya ya bahari na wanyama waliovishwa vyombo; na njia hiyo huenda ikawa na faida kubwa kwa mabonde yaliyofungwa pande zote, ila ina ada zake.

Tufanye hesabu, maana mazungumzo ya nishati bila hesabu ni porojo. Tuchukue kihisi kinachoamka kila baada ya robo saa, kikapeleka habari kwa sekunde moja kwa kutumia miliwati 100, kisha kikalala. Wastani wake ni miliwati 0.11, tukiongeza matumizi ya usingizini na ya kupima, tuseme 0.15. Kwa siku nzima hiyo ni kadiri ya miliwati-saa tatu na nusu. Sasa tuchukue seli ya sentimita za mraba 20, yenye kugeuza asilimia 20 ya nuru, ambayo ni ya kawaida sokoni leo. Chini ya jua kali la adhuhuri hutoa miliwati 400. Haya, tuwe wakali kwa nafsi zetu, tuseme ni siku ya ukungu wa huku kwetu Uwanji, ule ambao mtu hamwoni ng'ombe wake, na nuru imeshuka ikawa sehemu moja ya ishirini: seli itatoa miliwati 20, na kwa saa nane itakuwa imekusanya miliwati-saa 160. Hata tukitoa zaka kubwa kwa ajili ya hasara za njiani, tumepata zaidi ya mara thelathini ya tunachokihitaji, na hiyo ni siku mbaya.

Kwa hesabu hiyo nasema lile ambalo nimekuja kulisema: katika chombo cha namna hii nuru ni nyingi na wimbi ni haba, na kwa hivyo katika kila mgogoro baina ya seli na antena, hukumu itolewe kwa faida ya antena. Ukiifunika robo ya seli, kihisi hakitajua. Lakini ukiipotezea antena nusu ya nguvu zake, umbali wa kusikika kwake hewani utashuka ukawa kadiri ya saba ya kumi, na kituo kilichokuwa kikisikika ng'ambo hakitasikika tena. Fauka ya hayo, seli inakubali kupunguzwa ikawa ndogo kama kucha na bado ikafanya kazi yake kwa uwiano wa udogo wake, antena haikubali. Harold Wheeler mwaka 1947, na L. J. Chu mwaka 1948, walionyesha kwamba antena ikifanywa ndogo mno kuliko wimbi lake hulipishwa faini katika upana wa masafa au katika ufanisi wake, na faini hiyo hakuna hila ya ufundi iwezayo kuifuta. Antena basi ndiyo mwenye nyumba, na seli ni mpangaji: nyumba hujengwa kwa kipimo cha mwenyewe, na mpangaji hukaa katika vyumba vilivyobaki, naye hata akipewa kimoja atatosheka. Wengi wa walioandika juu ya jambo hili wamelitazama kwa upande wa pili, wakianza na paneli na kutafuta mahali pa kuchomeka antena, na hilo ni haki kwa setilaiti inayohitaji umeme mwingi. Kwa kihisi cha shamba la viazi naliona ni kugeuza mambo.

Nimesema hesabu ya mchana. Usiku ni swali la akiba, na hapo ndipo Kitulo inapotuletea fundisho ambalo watu wa nchi za joto hawalijui. Betri ya lithiamu, ile iliyomo katika simu zetu, haivumilii kutiwa umeme ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwani lithiamu, badala ya kuingia mahali pake ndani ya ncha hasi, huganda juu yake kama metali, na betri hupungua uwezo na baadaye yaweza hata kuwa hatari. Sasa fikirini asubuhi ya Julai uwandani: usiku kucha jalidi imeshika, chombo kizima kimepoa mpaka ndani, kisha jua linachomoza katika anga safi isiyo wingu, na seli ya jua, ambayo kwa tabia yake hufurahia baridi na hupata nguvu kadiri ya asilimia nane zaidi katika nyuzi 5 kuliko katika nyuzi 25, inaanza kuisukumia betri mkondo katika saa ile ile ambayo betri haitakiwi kuupokea. Kwa sababu hii mimi ningeiacha lithiamu, nikachukua kapasita kuu, chombo kinachohifadhi umeme pasipo mabadiliko ya kikemia, na ambacho baridi yetu si kitu kwake. Kapasita ya faradi 10 ikishuka kutoka volti 2.7 mpaka nusu yake hutoa miliwati-saa saba na nusu hivi, yaani siku mbili za kihisi chetu. Akiba hiyo ni ndogo mbele ya betri, na sehemu yake huvuja yenyewe, lakini tumekwisha kuona kwamba hata siku ya ukungu hujaza zaidi ya inavyohitajika.

Jalidi yenyewe, juu ya antena, haina madhara makubwa. Kinachodhuru ni ikiyeyuka. Barafu hulipunguzia wimbi mwendo kidogo tu, lakini maji hulipunguzia mno, kwa kuwa uwezo wake wa kupokea athari ya umeme ni kama mara themanini ya hewa, na utando mwembamba wa maji juu ya antena ya bamba huitoa katika masafa yake kama vile mtu aliyelegeza uzi wa zeze. Huku kwetu umande na manyunyu si dharura, ndiyo desturi. Basi uso wa chombo upakwe kitu kinachofukuza maji, uinamishwe, na antena isigusane na uso ule, iachiwe nafasi. Na mtu wa kwenda kuufuta atahitajika mara chache kwa mwaka, kwa ajili ya kinyesi cha ndege na kuvu. Anayeuza chombo kwa ahadi kwamba hakitaguswa na mkono miaka kumi hajapata kuishi mlimani.

Neno moja juu ya ndoto. Wapo wasemao kwamba antena hiyo hiyo ingeweza kuvuna umeme kutoka mawimbi ya redio yaliyotapakaa hewani, usiku jua likiwa halipo. Si uzushi: mwaka 1964 William C. Brown wa Marekani alikirusha kihelikopta kidogo kwa nguvu za mawimbi aliyoyatupa kutoka chini, na Ana Collado na Apostolos Georgiadis wa Barcelona mwaka 2013 walieleza antena moja yenye kuvuna nuru na redio pamoja. Lakini Brown alikuwa na mtambo wake ukitazama kihelikopta hicho. Mawimbi yaliyotapakaa yenyewe, hata katika miji mikubwa, aghalabu hayafiki maikrowati moja kwa sentimita ya mraba, ilhali seli yetu katika ukungu ule mbaya inatoa miliwati nzima kwa sentimita hiyo hiyo, mara elfu moja zaidi. Matamba, ambako minara ni ya kuhesabu, kulitegemea hilo ni kukinga mvua kwa chujio.

Linalowezekana ni hili, nami nalisema kwa walimu wa fizikia na kwa vijana wao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya hakiko mbali, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiko njia ile ile, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina haja ya dhahiri na habari za mito hii. Vifanywe vyombo viwili, kimoja chenye antena na seli kando kando kama ilivyo desturi, na kingine chenye vyote viwili katika uso mmoja kwa namna niliyoieleza, fimbo ikisimama juu ya seli pana moja. Viwekwe juu ya nguzo moja, katika kimo kimoja, vikipeleka kwa mnara mmoja, baada ya kuuliza kwa Mamlaka ya Mawasiliano ni masafa gani yaruhusiwayo na kwa nguvu ngapi. Vikae mwaka mzima, ili vipitie jalidi ya kipupwe, vumbi la kiangazi, na masika yenye radi, ambayo ni adui wa kila kitu kilichosimama kilimani. Kila ujumbe uandikwe pamoja na nguvu ya wimbi kama lilivyopokewa, na volti ya kapasita alfajiri kabla ya jua kuchomoza, kwa maana hiyo ndiyo saa ya kujua kama akiba ilitosha. Na siku ambayo chombo hakikusema chochote nayo iandikwe daftarini kuwa hakikusema, pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo kama ilivyoonekana kwa macho ya mtu.